Hita Bwenini: Uniti Zinaishia Wapi, Moto Unaanzia Wapi

Kipupwe cha Tabora huwashtua wageni. Mwezi wa sita na wa saba jua la mchana ni kali na nguo hukauka kabla ya adhuhuri, lakini mji uko kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200, usiku anga halina mawingu, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Mwanafunzi aliyetoka pwani kuja chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, Chuo cha Ualimu, Chuo cha Reli au Chuo cha Nyuki hakawii kutafuta hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Aliyezoea baridi ya Mbeya au Makambako huja na hita ya chumba kabisa ndani ya begi.

Kanuni za mabweni mengi zinakataza vifaa hivi, na sababu zipo. Ila katazo lisilo na maelezo humfanya mwanafunzi afiche hita uvunguni na kuitumia mlango ukiwa umefungwa, na hakuna namna mbaya kuliko hiyo. Aliyepanga geto Ipuli, Cheyo au Isevya hana hata mlezi wa bweni wa kumkataza. Ndiyo maana inafaa ieleweke vizuri umeme wa joto unakula kiasi gani, unaunguza wapi na unaua kwa njia ipi.

Wati na uniti si kitu kimoja

Wati ni kasi ya kula umeme. Uniti ni jumla ya kilicholiwa. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima kimemaliza uniti moja. Cha wati 2,000 kinaimaliza uniti hiyo kwa nusu saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuamini kwamba hita ya wati 2,000 ina hasara kuliko ya wati 1,000. Maji hayajui ni hita gani inayoyapasha. Lita moja ya maji inahitaji kilojuli 4.19 ili kupanda nyuzi moja, iwe haraka au polepole.

Chukua mfano wa ndoo ya kuoga yenye lita 12. Maji ya kipupwe yakiwa nyuzi 20, kuyafikisha nyuzi 39, joto linalotosha kabisa kuogea, kunahitaji uniti 0.27 hivi. Hita ya wati 1,000 itachukua dakika 16, ya wati 2,000 dakika 8, na uniti ni zilezile. Kwa mteja wa LUKU anayepata uniti 2.8 kwa shilingi 1,000, hiyo ni kama shilingi 95. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa karibu theluthi moja ya hapo. Njia ya uhakika ya kujua bei yako ni kuchukua risiti ya LUKU na kugawa fedha uliyotoa kwa uniti ulizopewa.

Hasara ya kweli iko kwenye kuchemsha kupita kiasi. Mwenye hita huitumbukiza kwenye ndoo iliyojaa, anaendelea na mambo yake, anarudi maji yanatokota, kisha anaongeza maji ya baridi na nusu ya ndoo inabaki bila kutumika. Kwa mwinuko wa Tabora maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, na kuzifikisha hapo lita zote 12 kunakula uniti 1.06, mara nne ya mahitaji. Kwa mwezi mzima ni tofauti ya uniti 8 na uniti 32 kwa mtu mmoja, ndoo moja kwa siku. Geto likiwa na watu sita wenye mtindo huo, ugomvi wa LUKU hauepukiki.

Jibu lililo rahisi ni kuchemsha lita 3 tu na kuzichanganya na lita 9 za baridi. Hesabu inatoka palepale: lita 12 za nyuzi 39 kwa uniti 0.27. Faida yake ni kwamba lita 3 zinaingia kwenye birika la umeme mara mbili, lita moja na nusu kila mara, na birika zuri linajizima lenyewe maji yakichemka. Hita ya koili, ile inayotumbukizwa ndani ya ndoo, haina akili hiyo. Kwa maoni yetu, mwanafunzi mwenye fedha ya kifaa kimoja tu anunue birika lenye kujizima na aachane na koili. Hata mahali hita inaporuhusiwa, birika ndilo chaguo bora.

Kama hamwaminiani kwenye geto, mita yenyewe ni shahidi. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zimeni vyote, hakikisheni taa imetulia, kisha washeni kifaa kimoja na kuhesabu mipepeso ya dakika moja. Kwenye mita ya 1,000, zidisha hesabu hiyo kwa 60 na utapata wati: mipepeso 33 ni kama wati 1,980, yaani hita kubwa, mpepeso mmoja kwa dakika ni wati 60, yaani kompyuta mpakato au feni. Kwenye mita ya mipepeso 1,600, gawa jibu kwa 1.6. Mkishaona kwa macho kwamba chaja ya simu haitikisi chochote na pasi inakimbiza taa, mgawanyo wa gharama unakuwa rahisi kuukubali.

Jambo moja huwachanganya watu jioni. Umeme ukiwa mdogo, hita inachelewa na mtu anadhani anaibiwa uniti. Nguvu ya hita hushuka kwa kipeo cha pili cha volti: volti 230 zikishuka hadi 190, hita ya wati 2,000 inabaki na wati 1,365 tu, na dakika 8 zinakuwa karibu 12. Uniti za kupasha maji hazijabadilika, muda ndio umeongezeka.

Moto hauanzii kwenye hita

Ukikagua chumba kilichonusurika kuungua kwa sababu ya hita, mara nyingi koili yenyewe utaikuta nzima. Kilichoyeyuka ni plagi, soketi au ekstensheni. Sababu ni kwamba joto kwenye waya na maungio hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Hita ya wati 1,000 inavuta ampea 4.3, ya wati 2,000 inavuta 8.7. Plagi ikikaa vizuri, upinzani pale pini inapogusana na soketi ni mdogo sana. Ikilegea, au pini ikiwa na kutu na masizi, upinzani unaweza kufika nusu ya omu. Kwa ampea 8.7 hiyo ni wati 38 za joto ndani ya plagi, sawa na chuma cha kulehemea cha fundi redio kikiwa kimefungiwa ndani ya plastiki. Plastiki inalainika, pini inazidi kulegea, upinzani unapanda, joto linapanda tena. Mchakato huu unajilisha wenyewe mpaka ama plagi inazima ama godoro linashika.

Kwa hiyo kipimo cha kila siku ni mkono. Baada ya dakika tano zima kwenye swichi ya soketi, chomoa, kisha gusa pini na uso wa soketi. Uvuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kushika kwa sekunde tano, au pana harufu ya plastiki, au tundu limegeuka rangi ya kahawia, soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aibadilishe. Kuhamishia hita ileile yenye plagi iliyoungua kwenye soketi ya jirani kunaiharibu na hiyo ya jirani.

Tatizo kubwa kuliko yote mabwenini ni plagi ya pini mbili kwenye soketi ya matundu matatu. Mtu anachokonoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti, vizibo vya ndani vinafunguka, anasukuma pini mbili za mviringo. Hita inawaka, kwa hiyo anaona amefanikiwa. Kumbe soketi hizi zimetengenezwa kwa pini bapa na nene; pini ya mviringo inagusa upande mmoja tu, na hapo ndipo upinzani niliokuwa nikiueleza unapozaliwa. Zaidi ya hapo, pini ya tatu ndiyo ethi. Hita isiyo na ethi ikipasuka ndani, umeme hauna njia ya kurudi ardhini isipokuwa mwili wa mtu.

Ekstensheni nayo isomwe kabla ya kununuliwa. Unene wa waya huchapwa kwenye ganda lake: 0.75 mm² inabeba kama ampea 6, yaani wati 1,380 tu, 1.5 mm² inafaa kwa plagi kamili ya ampea 13. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina matundu matano ya kuvutia yenye sura ya pini tatu, lakini ndani waya ni mbili na pini ya ethi ya plagi yake ni ya plastiki. Hizo ni za chaja na redio. Nyingine waya wake ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupata moto haraka na hukatika ikikunjwakunjwa. Hata nzuri, ikitumika ikiwa imezungushwa kama kamba ya kisima au imepitishwa chini ya godoro, joto lake halina pa kutokea. Hita, pasi, jiko la umeme na birika vichomekwe moja kwa moja ukutani, kimoja kimoja.

Fyuzi iliyo ndani ya plagi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile. Kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hakikatiki inapotakiwa, na ubaya wake ni huo.

Kwa nini breka haikuokoi

Wengi huamini kwamba kama breka haijakatika, basi hakuna hatari. Breka ya ampea 32, ya kawaida kwa soketi za korido moja, haikatiki mkondo unapovuka 32. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka hizi, zikizidiwa kwa asilimia 13 hazitakiwi kukatika ndani ya saa nzima. Zikizidiwa kwa asilimia 45 ndipo zinapaswa kukatika, na bado zina saa moja ya kufanya hivyo. Hita nne za wati 2,000 zikiwashwa pamoja saa 11 alfajiri zinavuta karibu ampea 35. Breka itanyamaza. Tano ni ampea 43. Huenda ikakatika baada ya dakika nyingi, na muda wote huo waya zilizo ndani ya ukuta zinapata moto, hasa kama fundi wa zamani aliunganisha kwa kusokota na kufunga gundi ya nailoni.

Kisha hutokea kosa linalogeuza usumbufu kuwa janga: breka ikizoea kukatika, mtu anaomba iwekwe kubwa zaidi. Breka huwekwa kulinda waya. Waya wa 2.5 mm² ukiwekewa breka ya 63, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, ndani ya dari. Korido inayokatika kila alfajiri inahitaji saketi nyingine yenye waya wake kutoka kwenye meni swichi, kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, au inahitaji hita chache kwa wakati mmoja. Zamu ya nusu saa kwa vyumba viwili viwili inatosha kuondoa tatizo lote bila gharama yoyote.

Breka ya kawaida pia haimlindi mtu dhidi ya kupigwa na umeme. Mwili uliolowa una upinzani wa kama omu 1,000, hivyo volti 230 zinapitisha miliampea 230. Moyo unaweza kuvurugika kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, wakati breka ya ampea 32 haihisi kitu. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine kwenye meni swichi kiitwacho RCD, chenye kitufe kilichoandikwa T na maandishi 30 mA. Hicho hupima tofauti kati ya umeme unaokwenda na unaorudi, na hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Bonyeza kitufe hicho angalau kila baada ya miezi mitatu, kisipokata, kimekufa. Kama nyumba unayopanga haina kabisa, mweleze mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Koili ndani ya ndoo

Ndani ya bomba la hita kuna waya mwembamba uliozungukwa na unga wa magnesiamu oksaidi, unaopitisha joto na kuzuia umeme. Bomba likipata ufa, maji yanaingia kwenye unga na ndoo nzima inakuwa na umeme. Plastiki ya ndoo haisaidii, kwa sababu mkono unaingizwa majini. Ndoo ya bati ni mbaya zaidi kwa kuwa hata kuigusa nje kunatosha. Kidole cha kupima joto hakiingii majini mpaka plagi iwe imechomolewa, kila siku, hata kama hita ni mpya.

Mpangilio wa kazi una sababu zake. Koili inaingia majini kwanza, ndipo plagi iingie ukutani, maana koili ikiwaka hewani hufikia wekundu kwa sekunde chache na bomba hupasuka. Ining'inizwe kwenye fimbo kavu iliyolazwa juu ya ndoo ili isiguse ukuta wala kitako cha plastiki. Maji yafike kwenye alama ya kiwango iliyo kwenye mpini, yasipite. Sakafu iwe kavu na miguu iwe na kandambili. Ukimaliza, zima, chomoa, subiri dakika mbili koili ipoe ndani ya maji, ndipo uitoe. Bafuni haiingii kabisa. Na zile za kujitengenezea kwa nyembe au misumari miwili na waya, ambazo maji yenyewe ndiyo yanapitisha umeme, hazina namna salama ya kuzitumia.

Halafu kuna suala la umeme kukatika, ambalo kwa mazingira yetu ni la kwanza kabisa kuzingatiwa. Umeme unakatika saa 12 asubuhi, hita ikiwa ndani ya ndoo. Mwanafunzi anaoga maji ya baridi kwa haraka, anafunga mlango, anawahi kipindi. Saa 2 umeme unarudi. Lita 10 zenye hita ya wati 1,500 zinaanza kuchemka baada ya dakika 35 hivi, na kama saa mbili baadaye nusu yake imekuwa mvuke. Koili inachomoza, inawaka nyekundu, plastiki inayeyuka, na kando yake pana godoro. Ni saa 5 asubuhi, bweni halina mtu. Umeme ukikatika, chomoa palepale. Kuzima swichi tu hakutoshi gizani, maana ni rahisi kusahau ilikuwa upande gani.

Hita ya chumba na jiko la mkaa

Hita ya chumba ya wati 2,000 ikilala imewaka saa 8 inakula uniti 16, karibu shilingi 5,700 kwa usiku mmoja kwa bei tuliyoitumia juu. Hewa ya chumba kidogo hupata joto kwa uniti 0.1 tu, lakini bati lisilo na dari, matundu ya hewa na kuta za matofali vinalipoteza joto hilo mfululizo. Kwa baridi ya nyuzi 15 ni gharama isiyo na maana. Mfuko wa mpira wa maji ya moto unaouzwa kwenye maduka ya dawa, ukijazwa lita moja na nusu na kuwekwa chini ya blanketi dakika kumi kabla ya kulala, hutumia uniti 0.1 na joto linabaki mwilini mwa anayelihitaji.

Aliye na sababu ya kiafya na ruhusa ya chuo aiweke mita moja kutoka kitandani, akiipima kwanza kutoka kwenye chandarua. Vyandarua vingi ni vya poliesta. Huyeyuka na kushika moto haraka, na kwenye dabo deka vinaning'inia mpaka chini. Achague yenye kujizima ikianguka, asianike nguo juu yake, na aizime kabla ya kulala.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika tano za kupasha miguu. Mkaa unaowaka vizuri bila moshi unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoshikana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Baridi ndiyo inayofunga madirisha, na madirisha yaliyofungwa ndiyo yanayokusanya hewa hiyo. Wakionekana watu zaidi ya mmoja chumbani wanalalamika kichwa, wote watoke nje mara moja na wapelekwe hospitali.

Kwa upande wa vyuo, chumba kimoja cha kuchemshia maji kwa kila bweni, chenye saketi yake, ethi iliyopimwa, sakafu ya zege na mabirika ya kujizima, kinafanya kazi kuliko msako wa hita kila mwezi. Jua la Tabora nalo lipo: dumu jeusi la lita 20 likiachwa juani toka asubuhi linatoa maji ya kuoga jioni bila uniti hata moja, na mitambo ya kupasha maji kwa jua juu ya paa inafanya hivyo kwa bweni zima. Mwanafunzi mmoja mmoja anaweza kuchemsha lita 3 wakati wa mchana, mzigo ukiwa mdogo, na kuzihifadhi kwenye chupa ya chai mpaka alfajiri.

Mtu akipigwa na umeme, usimguse. Zima kwenye soketi au meni swichi. Ikishindikana, msukume kwa kitu kikavu cha mbao huku ukisimama pakavu. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwani mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye. Aliyeungua kwa maji ya moto awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya mswaki, samli wala asali kabla ya kuonwa na mganga. Moto wa umeme haumwagiwi maji: kata umeme kwanza, tumia kizimamoto cha unga mkavu au kaboni dayoksaidi, au mchanga. Usipozimika mara moja, toka nje, ufunge mlango nyuma yako bila kuukomea, na upige 114 ukiwa nje.